Kilwa, Lamu au Mji Mkongwe: ukiwa na siku tano, uende wapi?

Mpwa wangu alinipigia simu wiki iliyopita kutoka Dodoma. "Shikamoo mjomba," kisha moja kwa moja kwenye shida yake: likizo ni siku tano, mama yake anataka waende pamoja, na pesa iliyopo ni ya safari moja tu. Kilwa, Lamu au Unguja? "Wewe ndiye mgonjwa wa nyumba za mawe," akasema, "nichagulie."

Sikuweza kumjibu kwa neno moja. Ugonjwa huo ninao tangu utotoni Pangani, kwa bibi, katika nyumba ya mawe na chokaa yenye kuta nene hata tukawa tunakaa watoto wawili dirishani, miguu tumekunja, na hatubanani. Chumbani kwake palikuwa na vidaka viwili ukutani, vishimo vya upinde, kimoja cha kandili na kingine cha Msahafu. Mchana wa kaskazi, bati za jirani zikialika kwa joto, sakafu ya bibi ilikuwa ya baridi, nasi tulilala juu yake bila mkeka. Tangu hapo kila nikipata nauli naenda kuangalia nyumba za namna ile. Haya ndiyo niliyomwambia mpwa wangu, nikiongeza niliyoyasahau kwenye simu.

Kwanza ajue kwamba sehemu hizi tatu hazitoki zama moja. Kilwa Kisiwani unatazama kazi ya karne ya 11 hadi ya 15. Lamu ina Msikiti wa Pwani unaohesabiwa tangu 1370, lakini nyumba kubwa za mawe unazoingia leo nyingi ni za karne ya 18. Mji Mkongwe wa Unguja kwa sehemu kubwa ni wa karne ya 19, baada ya Seyyid Said kuhamishia makao yake hapo kutoka Maskati. Zote zimo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO: Kilwa pamoja na Songo Mnara tangu 1981, Mji Mkongwe 2000, Lamu 2001. Orodha hiyo basi haikusaidii kuchagua. Jiulize unataka kuelewa ukuta, unataka kuingia nyumba, au unataka kutembea mji. Kila mmoja wa miji hii unakupa kimoja kati ya hivyo kuliko wenzake.

Kilwa: ukuta ulio wazi

Nyumba iliyo kamili ina lipu, na chini ya lipu huoni kitu. Kilwa lipu imeshadondoka, mwashi wa miaka mia saba iliyopita kakuachia kazi yake wazi. Mara ya kwanza nilipoelewa nyumba ya bibi ilivyosimama nilikuwa kwenye mahame ya Kisiwani, nimeingiza vidole katika safu ya matundu juu ya ukuta, matundu ya vichwa vya boriti. Boriti zilioza zamani, lakini tundu linakwambia unene wa mti, nafasi kati ya mti na mti, na upana wa chumba. Boriti za mikandaa hazizidi sana mita mbili na nusu au karibu tatu zikibeba dari ya mawe. Ndiyo maana vyumba vya pwani nzima ni vyembamba na virefu. Mti wa mikokoni ndio uliopanga chumba cha bibi yangu, na chumba cha sultani pia.

Ukiwa hapo tazama mawe mawili tofauti. Moja ni lile gumu, la kijivu, lenye makombe ndani yake, linalochimbwa nchi kavu. Hilo ndilo mwili wa ukuta. Jingine ni tumbawe lililotolewa baharini likiwa bichi. Likiwa bichi ni laini, fundi analichonga kama ubao, kisha linakauka na kuwa gumu. Hilo liliwekwa panapotakiwa uzuri: ukingo wa mlango, mihrabu, nguzo. Ukilisogelea utaona vitundu vidogo vidogo vimepangana kama sega la nyuki, na kandokando alama za patasi zikiwa kali bado.

Msikiti Mkuu ndio unaomaliza watu maneno. Sehemu ya kaskazini, yenye mihrabu, ndiyo ya kale zaidi, ya karne ya 11 hadi 12. Upande wa kusini uliongezwa karne ya 14, enzi za Sultani al-Hasan bin Suleiman, ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta alipopita Kilwa 1331 na kueleza ukarimu wake. Kuba nyingi zinazoonekana leo zilijengwa upya karne ya 15. Simama katikati ya nguzo asubuhi, jua likiwa linaingia kwa ubavu, uangalie zile kuba kwa chini. Karibu yake upo msikiti mdogo wa kuba ambao mafundi walipachika darini mabakuli ya kigeni yaliyong'arishwa, yakiwa pambo. Fedha ya hayo yote ilitokana na dhahabu ya Sofala, Msumbiji ya leo, iliyopitia mikononi mwa watu wa Kilwa kabla Wareno hawajaja kuupora mji mwaka 1505.

Husuni Kubwa iko mbali kidogo, juu ya mwamba wa bahari, jumba la vyumba zaidi ya mia lenye birika la pembe nane. Njia ya kwenda huko inapita katikati ya mashamba na makazi ya wenyeji. Usiikose. Ukipata nafasi ya Songo Mnara, nyumba zake zina vidaka vingi kuliko utakavyoviona Kisiwani, lakini safari yake ya boti ni ndefu na utavua viatu ukanyage maji na matope.

Sasa ugumu wake. Kilwa hakuna wa kukubembeleza. Unapanda basi la kusini kutoka Dar, unapita Nangurukuru, unashuka Kilwa Masoko, kama kilomita 300. Kibali cha kuingia kisiwani kinachukuliwa Masoko kabla ya kuvuka, pamoja na mwongoza watalii. Kisiwani kivuli ni kidogo na duka la maji usilitegemee, chukua yako. Wakati wa masika barabara hiyo ina historia mbaya: mwaka 2024 mafuriko yaliikata eneo la Somanga na wasafiri wakakwama siku kadhaa. Na mtu asiyependa magofu atachoka kwa saa mbili. Nimeshampeleka rafiki wa namna hiyo, akamaliza siku anatafuta mtandao kwenye simu. Kosa lilikuwa langu, nilimchagulia ninachopenda mimi.

Lamu: nyumba yenye watu

Lamu ukuta umevaa. Chokaa ipo, mapambo yapo, na ndani anakaa mtu anayepika. Kama nia yako ni kujua nyumba ya mawe ilitumikaje, hapa hapana mshindani.

Unaanzia kwenye daka, ukumbi mdogo wa mlangoni wenye baraza za mawe pande mbili. Hapo mgeni wa kupita anamalizia haja yake, hana sababu ya kuona ndani. Ukivuka mlango kuna tekani, kiukumbi cha ndani, halafu njia inapinda, ili aliye nje asipenyeze macho hata mlango ukiwa wazi. Unafika kiwanda, ua lisilo na dari linaloleta mwanga na upepo. Kisha msana wa tini, msana wa yuu, na mwisho chumba kiitwacho ndani, kila chumba kimeinuka kidogo kuliko kilichotangulia na kina mwanga mdogo zaidi. Ukuta wa mwisho, ule wa ndani, ndio unaobeba zidaka, kama Waamu wanavyoziita: safu juu ya safu za vishimo vya upinde vilivyozungushiwa nakshi za chokaa, pahala pa sahani za China, vitabu na vitu vya harusi. Bibi yangu alikuwa na viwili. Nilipoona mara ya kwanza ukuta mzima wa zidaka pale kwenye nyumba ya Waswahili inayotunzwa na makumbusho, nilikaa chini. Niliona chumba cha bibi kilikuwa kipande cha lugha ambayo hapa inasemwa kwa ukamilifu.

Nje, mitaa ya Mkomani, sehemu ya zamani ya mji, ni miembamba hata punda wawili wenye mizigo wakikutana mmoja lazima arudi nyuma. Juu ya kichwa unapita wikio, chumba kinachounganisha nyumba mbili kwa kuvuka njia, wenye nyumba wakaenda kwa jamaa zao bila kutoka barabarani. Usita wa Mui ndiyo njia kuu ya biashara. Kusini ya Mkomani iko Langoni, na huko ndiko uliko Msikiti wa Riyadha wa Habib Swaleh, ambako Maulidi yake hujaza mji kila mwaka. Ukienda wakati huo utapata furaha kubwa na chumba cha kulala kwa shida, kwa hiyo weka nafasi mapema. Ngome iliyojengwa kati ya 1813 na 1821, baada ya vita vya Shela, kijiji cha jirani, iko katikati na haihitaji zaidi ya saa moja.

Kitu kimoja cha Lamu nitakisema kwa kirefu kwa sababu kimenigharimu. Nilikaa barazani asubuhi nzima nikimwangalia fundi mzee akirekebisha ukuta. Chokaa yake ilikuwa imelowekwa pipani wiki kadhaa, laini kama samli iliyoganda. Alibandua saruji aliyoikuta imepakwa na fundi mwingine. Ilitoka mabamba mazima, na nyuma yake jiwe lilikuwa limelowa na chumvi imechanua nyeupe. "Saruji inaziba," akaniambia. "Ukuta huu unatoa jasho kama mtu. Ukiupaka chokaa jasho linatoka nje, ukiupaka saruji linarudi ndani." Sikuweza kusema kitu. Miaka ya nyuma ukoo wetu ulichanga fedha, tukampa fundi nyumba ya bibi aitie lipu ya saruji, tukijivunia kwamba tunaitunza. Masika ya tatu ukuta wa vidaka ulivimba, wa nne ukaanguka. Tangu hiyo asubuhi ya Lamu, ninapoingia mji wowote wa zamani, kitu cha kwanza ninachotazama ni rangi ya kiraka.

Upande wa kasoro: nyumba nyingi nzuri za Lamu na Shela zimenunuliwa na wageni, zinafunguliwa wiki chache kwa mwaka, na ufunguo uko kwa mlinzi. Unaweza kupita njia nzima ya milango iliyonakshiwa na usisikie sauti ya mtoto. Tafuta malazi kwenye nyumba ya mwenyeji Mkomani kuliko hoteli ya ufukweni, utaishi ndani ya kile ulichokwenda kuona.

Gedi na Mombasa sikuziingiza kwenye ulinganisho, kwa sababu anayekwenda Lamu kwa njia ya nchi kavu anazipitia zote mbili. Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa 1593, na mahame ya Gedi ndani ya msitu, yaliyoingia orodha ya UNESCO mwaka 2024, kila moja inatosha nusu siku.

Unguja: mji wa mikono mingi

Mji Mkongwe wengi wanaujua, au wanadhani wanaujua. Wanatua Forodhani, wanakula urojo na mishikaki, wanapiga picha mlangoni, wanaondoka kwenda ufukweni. Ukifanya hivyo umeuona uso tu.

Tofauti yake na Lamu ni kwamba Unguja kila jamii ilijenga kwa mkono wake na zote zikabanana mtaa mmoja. Nyumba ya Kiomani kwa nje ni kavu, ukuta mweupe na mlango mmoja mkubwa, uzuri wote umegeukia uani. Nyumba ya Kihindi ni kinyume chake: chini duka linatazama barabara, juu familia, na roshani za mbao zilizotobolewa nakshi zinaning'inia nje. Anza Shangani hadi Hurumzi, Kiponda, kisha Malindi, uhesabu ni mara ngapi mkono unabadilika. Milango nayo ina makabila yake. Ile yenye vibao vidogo vya kukunja na misumari ya shaba ni ya asili ya Kihindi. Ile ya mabawa mawili mapana yenye mfito wa katikati ulionakshiwa ni ya Kiarabu, ya zamani ikiwa na kizingiti kilichonyooka na ya baadaye ikiwa na upinde. Pale bandarini iko Zahanati ya Kale iliyoanza kujengwa na mfanyabiashara Tharia Topan mwaka 1887, roshani zake zimekarabatiwa vizuri mno.

Na iko Beit al-Ajaib, Nyumba ya Maajabu, ya Seyyid Barghash, 1883, nyumba ya kwanza mjini kuwa na umeme na lifti. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa ya mbele iliporomoka na watu wawili waliokuwa kazini wakafariki. Niliona picha kwenye simu nikiwa sokoni nikashindwa kuendelea na nilichokuwa nanunua. Nimekwenda kuitazama tangu wakati huo, na sitakudanganya: inaumiza. Kabla ya kusafiri kwa ajili yake, ulizia kwanza kama inaingilika.

Mkunazini usipite haraka. Kanisa la Kianglikana lilianza kujengwa 1873, mwaka ule ule soko la watumwa lilipofungwa, na limesimama juu ya uwanja wa soko hilo. Aliyelijenga, Askofu Edward Steere, ni yule yule aliyeandika sarufi ya Kiswahili. Mtu anayependa majengo ya pwani, kama mimi, anapaswa kusimama pale akiwa kimya. Chokaa ya nyumba nyingi ninazozisifu, Unguja, Lamu hata Kilwa Kivinje, ilichomwa na kubebwa na watu ambao hawakuwa huru kukataa. Nazipenda nyumba hizo nikilijua hilo, na mwanangu akinishika mkono tukipita namweleza.

Ubora wa Unguja ni wepesi. Boti kutoka Dar ni kama saa mbili. Malazi yapo ya kila mfuko, hospitali ipo karibu, mtu akichoka anakaa barazani akaletewa kahawa. Lakini kelele ni nyingi, vespa zinapita kwenye uchochoro, na maduka ya vinyago yameingia vyumba vya chini vya nyumba ambazo zamani ungekaribishwa.

Siku, miguu na pesa

Hapa ndipo mapenzi yanapokutana na kalenda. Lamu kwa siku tano kutoka Tanzania bara inawezekana kwa ndege tu. Kwa basi unakwenda Mombasa, unalala, kesho yake siku nzima hadi Mokowe, halafu boti. Siku mbili za kwenda na mbili za kurudi zimeshaliwa, na hali ya usalama ya njia ya Garsen hadi Mokowe uiulizie kabla ya kukata tikiti. Usisahau pia hati ya kusafiria. Mwenye siku kumi, au mwenye pesa ya ndege, namwambia aende Lamu bila kusita.

Kilwa kwa siku tano ukianzia Dar inatosha sawasawa: moja ya kwenda, moja ya kurudi, mbili za Kisiwani, moja ya Songo Mnara au ya kupumzika Kivinje. Ni ya gharama ndogo kwa Mtanzania, ila boti ndiyo inayokula pesa mkiwa wachache. Miguu iwe mizima.

Unguja kwa siku tatu umeshiba, ya nne na ya tano nenda Kizimkazi ukaone msikiti wenye maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ya mwaka 1107, ulio mkongwe kuliko karibu kila ninachokutajia hapa.

Kuhusu majira, mimi husafiri Juni hadi Septemba, kusi ikivuma na hewa ikiwa imepoa. Masika naepuka kote. Mwezi wa Ramadhani Lamu mchana hulala na usiku huamka. Mwenye kuheshimu funga ataufurahia, mwenye kutaka chakula cha mchana mkahawani asubiri mwezi mwingine.

Basi nikamwambia mpwa wangu: mama yako ana goti, mna siku tano, nendeni Unguja, Kilwa utakwenda mwenyewe baadaye. Nilidhani nimemaliza. Nikasikia simu inanyang'anywa.

"Mdogo wangu," sauti ya dada, "Unguja nitakwenda hata nikiwa natembelea fimbo. Boti ipo, teksi ipo, ngazi chache. Hiyo Kilwa yenu ya kuvua viatu nikiiacha mwaka huu nitaiona lini?"

Nilifikiri kidogo. Ana haki kabisa, na ushauri wangu ulikuwa umekaa kinyume. Mahali pagumu paendewe goti likiwa bado linakubali. Na yeye naye alilala kwenye sakafu ile ya bibi kabla yangu.

Wanaondoka mwezi wa saba. Songo Mnara tumeifuta, siku hiyo atapumzika. Nimeshazungumza na mtu wa boti pale Masoko: wavuke asubuhi maji yakiwa yamejaa, ili chombo kisogee karibu na ufuko na dada asivuke matope, na Husuni Kubwa waende kwa maji badala ya kutembea juani. Mpwa wangu nimemwagiza achukue lita sita za maji, kofia mbili, na kiti kidogo cha kukunja cha kuweka msikitini kati ya nguzo.